Maji Baridi Kabla ya Moto

Wasikilizaji wapenzi, Injili ya Dominika hii imetuletea tena yule mjenzi wa mnara ambaye Bwana wetu alimtaja mbele ya makundi ya watu waliokuwa wakimfuata njiani. Sisi wahubiri, tunapoifikia sehemu hii, mara nyingi hukimbilia neno gharama. Tunawaambia waamini kwamba kumfuata Kristo kuna gharama, wapige hesabu yao vizuri, kisha tunarudi kuketi. Hayo ni kweli, wala hatuna nia ya kuyafuta. Lakini safari hii tumeona vema tukae zaidi na mjenzi mwenyewe, tuitazame mikono yake ikifanya kazi. Na tutamtafuta mahali ambapo labda hamkutazamia, yaani katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba moja huko Uingereza, ambamo mtu mzima mwenye mvi anajitengenezea trekta dogo la mvuke.

Labda mtacheka. Mtu mzima na kitu cha kuchezea! Sisi pia tulicheka tulipoanza kusoma habari za watu hao. Watoto wetu hutengeneza magari ya waya na makopo, wakayasukuma njiani hadi giza liingie, wala hakuna anayeshangaa, kwa kuwa ni watoto. Lakini kadiri tulivyoendelea kusoma ndivyo kicheko kilivyopungua, na mwisho tulijikuta tumekaa kimya, kwa sababu ambayo mtaiona punde.

Kwanza yatupasa kueleza trekta la mvuke ni kitu gani, maana wengi mnaotusikiliza hamjapata kuliona. Gari moshi mnalijua. Wazee wetu wa Voi, wa Tabora na wa Tororo wanalikumbuka likipiga honi usiku, na aliyefika katika makumbusho ya reli pale Nairobi ameziona zile injini kubwa zilizopewa majina ya milima yetu, moja ikiitwa Mount Gelai na nyingine Mount Shengena, ambazo ziliundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Basi trekta la mvuke ni ndugu yake gari moshi, ila halina reli. Lilitembea shambani na barabarani kwa magurudumu mapana ya chuma, likakokota magari ya mizigo, likazungusha mashine za kupuria nafaka, na katika mashamba makubwa mawili yalisimama huku na huku pembeni, yakavutana plau kwa kamba ndefu ya waya, kwenda na kurudi, mchana kutwa.

Kabla ya hapo injini za mvuke za mashambani zilikuwapo, lakini hazikuweza kujiendea zenyewe. Zilikokotwa na farasi. Hebu fikirini: injini yenye nguvu za farasi wengi imekaa kimya juu ya magurudumu yake, na farasi wanahema kuipandisha kilima! Mwaka 1859 bwana mmoja wa Rochester katika wilaya ya Kent, jina lake Thomas Aveling, aliunganisha kwa mnyororo mhimili wa injini ya namna hiyo na magurudumu yake ya nyuma, nayo ikaenda. Hata hivyo mwanzoni farasi mmoja aliendelea kufungwa mbele, siyo kwa ajili ya kuvuta bali kwa ajili ya kuielekeza. Ndivyo tulivyo wanadamu. Tukipata jambo jipya, yule farasi wa zamani hatumfungui upesi. Serikali nayo iliogopa. Sheria ya mwaka 1865 iliamuru mashine hizo zisizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini, na mtu mmoja atangulie kwa miguu, yadi 60 mbele, akishika bendera nyekundu.

Zama hizo zilipita. Malori na matrekta ya mafuta yalichukua nafasi, na mashine nyingi za mvuke zikauzwa kama vyuma chakavu. Lakini wapo waliozihurumia. Mwaka 1950 mkulima mmoja wa Appleford, Arthur Napper, alishindana na mwenzake matrekta yao mawili makuukuu katika shamba, na tuzo ilikuwa pipa la bia. Hatuwahimizi kuiga tuzo hiyo. Tunalitaja jambo hilo kwa kuwa mashindano yale ya mzaha yaliamsha upya mapenzi ya watu kwa mashine hizo, hata leo maelfu hukusanyika kila kiangazi kuzitazama zikitoa moshi.

Asiye na fedha wala nafasi ya kuweka trekta la tani 10 hutengeneza dogo. Kazi hiyo ina miaka mingi. Gazeti la Kiingereza la mafundi wa vyombo vidogo, Model Engineer, lilianzishwa mwaka 1898. Humo, na katika vitabu, mtu anayeanza hupata michoro. Mmoja unaojulikana sana ni wa fundi Leonard Mason, trekta aliloliita Minnie, ambalo kila futi moja ya trekta kubwa imekuwa inchi moja tu. Mtu hununua michoro, hununua vipande vya chuma vilivyosubiwa, hutafuta mashine ya kukereza, tupa, keekee na jiliwa, kisha huanza. Miaka mitatu, minne, kumi. Wengine hawamalizi. Wakifa, wajane wao huuza sanduku lenye magurudumu manne yanayong'aa na silinda isiyo na pistoni. Mnara wa Injili, wasikilizaji wapenzi, umo ndani ya sanduku hilo.

Tumchukue basi mtu mmoja kati ya hao wanaoanza. Siye fulani wala fulani. Tumemwunda kwa yale yanayowapata wengi. Tuseme alikuwa karani, amestaafu, hajapata kushika tupa tangu alipotoka shule. Anaanza na magurudumu, kama wengi wanavyofanya, kwa sababu magurudumu huonekana. Anapigilia ribiti za spoki moja baada ya nyingine. Jirani akipita anamwonyesha. Mke anaona kwamba kweli kazi inaendelea. Miezi minane inapita na magurudumu yamesimama dirishani, mazuri, nayo hayana cha kubeba.

Ndipo anafika kwenye boila.

Hapa hatuna budi kuwaeleza jambo moja la ufundi, na tunawaomba mtuvumilie, kwa kuwa mambo yote yanayofuata yanasimama juu yake. Motokaa ina fremu chini, na juu ya fremu hiyo huwekwa injini, viti na bodi. Trekta la mvuke halina fremu. Boila ndilo uti wa mgongo wake. Silinda imefungwa juu ya boila. Mhimili wa mbele umefungwa chini ya boila. Magurudumu ya nyuma yameshikwa na mabamba yanayotoka katika ubavu wa boila, pale penye tanuri. Kwa hiyo chombo kile kile kinachochemsha maji na kubana mvuke ndicho kinachobeba uzito wote na kupokea kila mshindo wa njia. Boila likiwa na kasoro, huwezi kusema kwamba sehemu nyingine ni nzima.

Na liko jambo la pili. Katika kupunguza trekta, kila urefu umegawanywa kwa 12. Eneo la kila bamba limegawanywa kwa 144. Uzito, kwa hesabu tupu, umegawanywa kwa 1,728, hata trekta la tani 10 likawa chini ya kilo 6. Lakini maji hayakugawanywa! Kani ikiwa ile ile, maji yaliyomo katika chombo hicho kidogo huchemka kwa joto lile lile la maji ya sufuria ya mama mpishi na la maji ya gari moshi. Moto ni moto ule ule. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni zipatazo 30 kwa kila inchi ya mraba. Boila la mtu wetu, tuseme, limepangiwa pauni 80. Kwa kani hiyo maji ndani yake hufikia nyuzi 160 hivi, na bado ni maji kwa sababu yamebanwa. Chombo kikipasuka, kile kinachoyabana kinaondoka, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja. Na lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote hutaka nafasi ya lita zipatazo 1,600. Tuliposoma hayo ndipo kicheko chetu kilipokoma. Kitu cha kuchezea kinaweza kuwa kidogo, na hatari yake isiwe ya kuchezea.

Mtu wetu analijua hilo, vitabu vimemwonya. Basi anafanya kazi kwa uangalifu. Anachukua bamba la shaba nyekundu, analibana juu ya kalibu ya mbao ngumu, anaigonga kingo yake kwa nyundo ili ikunjike. Baada ya mapigo machache shaba inakataa. Ikigongwa hukakamaa, na ukizidi kuigonga hivyo hivyo itapasuka. Dawa yake ni moto. Analipasha bamba hadi liwe jekundu, kisha analitumbukiza majini. Mhunzi wa kwetu angeshangaa, maana chuma cha pua kikitoka motoni na kuingia majini huwa kigumu, lakini shaba huwa laini kama ngozi. Anagonga tena. Inakakamaa tena. Motoni tena. Kwa bamba moja tu anaweza kurudia mara tano au sita. Wazazi na walimu mnaotusikiliza mtaona wenyewe kwamba fundi huyu hatumii nguvu zaidi anapokataliwa. Huacha nyundo, akarudi kwenye moto.

Kisha inakuja kazi ya kulehemu. Viungo vya boila la shaba hulehemiwa kwa madini yenye fedha ndani yake, ambayo huyeyuka kwa joto la nyuzi zaidi ya 600. Yakiyeyuka hupenya yenyewe katika upenyo mwembamba kati ya bamba na bamba, lakini hupenya palipo safi tu. Penye alama ya kidole chenye mafuta, penye weusi wa moto wa jana, madini husimama kama tone juu ya jani la mgomba, hayaingii. Na ubaya ni kwamba kwa nje mara nyingine huwezi kuona. Mstari wa fedha unang'aa kuzunguka kiungo chote, na chini yake kuna mahali padogo ambapo pametupu.

Mtu wetu analehemu kwa majuma kadhaa. Kati ya ukuta wa ndani wa tanuri na ukuta wa nje amepitisha vishikizo vya shaba, vijiti vifupi vinavyozuia kuta hizo zisitanuke mvuke ukizisukuma. Ni vingi, na kila kimoja kina ncha mbili za kulehemu. Anamaliza. Boila linapendeza sana. Anamwita mkewe aje kulitazama. Usiku ule anafunga mabomba, anajaza maji kidogo, na kabla ya kulipeleka kwa yeyote anajaribu mwenyewe kwa pampu ya mkono. Sindano ya geji inapanda: 20, 40, 60. Ilipopita 100, katika ncha ya kishikizo kimoja, nyuma kabisa, karibu na mahali pasipofikika, linatokea tone la maji. Analifuta kwa kidole. Linatokea lingine.

Tone moja tu, wasikilizaji. Wala halidondoki, linakaa pale kama jasho juu ya mdomo.

Afanye nini? Kulitia boila zima motoni tena, hadi liwe jekundu lote, ni kuhatarisha viungo vingine vyote ambavyo ni vizima. Ni kazi ya siku nyingi, na gesi ni ghali, na huenda akaharibu alichokijenga mwaka mzima. Lakini mezani kwake iko risasi laini, ile ya kulehemia redio. Huyeyuka kwa joto dogo tu. Dakika mbili, tone moja la risasi juu ya ncha ile, na maji yangekoma. Hakuna ambaye angeona. Pakipakwa rangi, hata yeye mwenyewe baada ya mwaka asingekumbuka ni kishikizo kipi. Na wanaojua kazi hii husema hivi juu ya risasi laini: ikishaingia katika kiungo, ni vigumu sana kiungo hicho kulehemiwa tena kwa fedha, kwa sababu risasi hukichafua. Yaani kiraka kile hakiachi kasoro kama kilivyoikuta. Huzuia hata tiba ya baadaye.

Tunamwacha mtu wetu hapo kwenye kiti chake, usiku, na risasi mkononi. Tutamrudia.

Katika vyama vya mafundi hao huko Uingereza iko desturi ambayo imetugusa sana. Boila jipya haliwashwi moto mpaka limejaribiwa na mkaguzi, naye hulijaribu kwa maji baridi. Hulijaza maji pomoni, akahakikisha hakuna hewa iliyobaki ndani, kisha kwa pampu hupandisha kani hadi mara mbili ya ile itakayotumika. Boila la pauni 80 hupelekwa hadi 160, likaachwa hapo kwa muda huku akilizunguka na taa. Kwa nini maji baridi? Kwa sababu maji hayabaniki. Kiungo kikiachia, maji kidogo hutoka, sindano inaanguka, basi, hakuna anayeumia. Mvuke au hewa vingelirusha vipande. Jaribio ni kali kuliko kazi yenyewe, nalo limefanywa kwa namna ambayo anayeshindwa hapati madhara ila aibu kidogo. Tumetafakari sana juu ya busara hiyo. Ni mara ngapi sisi hufanya kinyume, tukamwacha mtu aingie katika jukumu zito bila kumjaribu, kisha tukashangaa anapopasuka mbele ya watu wote!

Na mkaguzi siye mjenzi. Hata mkaguzi mwenyewe, awe na ujuzi wa miaka 40, akijenga boila lake hawezi kulipitisha yeye; hana budi kulipeleka kwa mwenzake. Hakuna anayeona hilo kuwa tusi.

Kwetu huonekana tusi. Tunasema haya tukiwa na majonzi, kwa kuwa tumeyaona katika parokia zaidi ya moja. Mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa kanisa, mtu mwema, anayeamka alfajiri kwenda Misa, anaombwa alete daftari litazamwe na wawili wengine. Anakasirika. "Kwani hamniamini?" Daftari linakaa nyumbani mwezi, miezi miwili. Huenda hakuiba hata senti. Huenda lipo tone moja tu la maji, shilingi fulani alizoziazima wakati wa ugonjwa wa mtoto akakusudia kuzirudisha, na aibu ya tone hilo ndiyo iliyoanza kutafuta risasi laini: stakabadhi ya kubuni hapa, tarehe iliyofutwa pale. Baada ya miaka miwili hata yeye hawezi tena kueleza. Angelileta lile daftari siku ya kwanza, kamati ingaliugua pamoja naye, na mambo yangalikwisha.

Makatekista nao mtatusamehe. Yupo anayefundisha peke yake katika kigango cha mbali, miaka kumi na mitano, wala hajasikilizwa na mtu mzima hata mmoja akifundisha. Hatusemi kwamba anakosea. Tunauliza tu, atajuaje? Na padre wake, aliye mbali kwa safari ya baiskeli ya nusu siku, atajuaje?

Wala msidhani tunawanyoshea kidole ninyi peke yenu. Kila andiko la mazungumzo haya husomwa na mwingine kabla halijafika kwenye maikrofoni. Wakati mmoja tuliandika habari za watu wasiopenda kusamehe, tukaandika kwa ukali, na tulipendezwa na maneno yetu. Andiko lilirudi likiwa limeandikwa pembeni neno moja kwa kalamu nyekundu: "Nani?" Tulikasirika siku mbili. Siku ya tatu tulikubali kwamba tulikuwa tukimsema mwenzetu mmoja, na kwamba asiyetaka kusamehe tulikuwa sisi. Ukurasa ule haukusomwa redioni. Tulikwenda kumwona mwenzetu badala yake, na tukafika kwake amekwisha kupika chai, kana kwamba alijua.

Kanisa lilijua jambo hili zamani. Padre huondolea watu dhambi kwa mamlaka aliyopewa, lakini zake mwenyewe hawezi kujiondolea. Hana budi kwenda kupiga magoti mbele ya padre mwingine, hata kama huyo ni kijana aliyepata upadre juzi. Askofu vivyo hivyo. Baba Mtakatifu naye ana muungamishi wake. Hakuna boila linalopitishwa na aliyelijenga.

Mtasema, mbona mnatutisha kwa ajili ya tone? Tunajibu kwa habari ya kweli. Tarehe 29 Julai 2001, katika viwanja vya maonyesho vya Medina, jimbo la Ohio huko Marekani, trekta moja kubwa la mvuke, la zamani, lilipasuka. Watu 5 walikufa na makumi walijeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yalikuwa yamepungua ndani ya boila, bamba la juu ya tanuri likabaki wazi juu ya moto bila kufunikwa na maji, na bamba lenyewe lilikuwa limekonda kwa miaka mingi ya kuliwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wale wale waliolipenda trekta lile na kulitunza. Hawakuwa watu wabaya. Tunawaombea pumziko la milele, na ndugu zao faraja. Lakini upendo wao haukuweza kuona ndani ya shaba na chuma. Hilo lilihitaji jicho lingine, na kipimo, na maji baridi.

Sasa turudi kibandani. Mtu wetu aliiweka risasi chini. Hatutawaambia kwamba alisali, maana huenda hakusali. Huenda alichoka tu akaenda kulala. Asubuhi alilifunga boila katika blanketi kuukuu akalipeleka kwa mkaguzi wa chama, mzee mwenye miwani minene. Kabla mzee hajafungua blanketi alimwambia, "Kishikizo cha nyuma, upande wa kushoto, kinatoka jasho." Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akasema kwamba la kwake la kwanza lilitoka jasho mahali pawili, akaweka birika jikoni.

Walilitia motoni pamoja Jumamosi iliyofuata, mmoja akishika moto na mwingine madini. Kabla ya hapo walilisafisha siku mbili, walisugua ncha ile mpaka shaba ikawa kama mpya. Katika jaribio la kwanza kiungo kile kilishika, lakini kingine kikatoa tone. Wakarudia. Katika jaribio la pili sindano ilifika 160 ikasimama. Mzee alizunguka na taa, akapapasa kila ncha kwa kidole kikavu, akatazama saa, akazunguka tena. Hakusema neno mpaka muda ulipotimia.

Baada ya hapo ilikuja silinda, ikaja pistoni, ikaja krenkishafti, kama mafundi wa gereji zetu wanavyoiita, na mambo mengi ambayo hatuna muda wa kuyaeleza. Yalipita majira mawili ya baridi. Siku ya moto wa kwanza mzee alikuwapo tena, kwa kuwa yako bado majaribio ya mvuke: vali ya usalama hapana budi ifunguke yenyewe, na hata moto ukichochewa kwa nguvu zote, kani isizidi kiasi kilichopangwa ila kwa sehemu ndogo, moja katika kumi. Ilifunguka. Ilipiga kelele kubwa kuliko umbo lake, na mbwa wa jirani akakimbia.

Dominika alasiri mtu wetu aliliteremsha trekta kwenye njia ya saruji kando ya bustani, akalifungia kigari nyuma, akampandisha mjukuu wake wa kike wa miaka sita. Halikwenda mbio, mtu mwenye bendera nyekundu angaliweza kulitangulia kwa raha. Mtoto alicheka, akapunga mkono kwa bibi yake aliyekuwa mlangoni. Babu hakumtazama mtoto. Alitembea ubavuni mwa trekta akiwa ameinama, macho yake katika kile kioo chembamba kinachoonyesha kimo cha maji, na kila baada ya hatua chache alinyosha mkono akaigusa pampu.